Asilimia 2 ya mshahara inanunua nini? Chama cha wafanyakazi kwa watu wa maduka na maghala ya Mbeya

Mtunza ghala wa Iyunga, muuza duka la jumla wa Mwanjelwa na mbeba magunia wa Uyole huuliza swali moja kila fomu ya chama inapopita: nikikatwa, napata nini? Swali ni la haki kabisa, ila jibu lake si moja kwa wote watatu. Huduma tunayoipima hapa ni ile ya vyama vya sekta ya viwanda na biashara, ambavyo kinachojulikana zaidi ni TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda, biashara na fedha. Ada iliyozoeleka ni asilimia 2 ya mshahara kwa mwezi.

Tuanze na pale ada inapojilipa: upungufu wa mzigo. Mahindi huingia ghalani yakiwa na unyevu wa asilimia 15, yakakaa juu ya chaga miezi kadhaa, yakatoka yakiwa na asilimia 13. Gunia lililopokelewa kwa kilo 100 lilikuwa na kilo 85 za mahindi makavu na 15 za maji. Gawanya 85 kwa 0.87, unapata kilo 97.7. Kilo 2.3 zimeondoka na hewa. Kwa magunia 300 hiyo ni kilo 690, karibu magunia 7, na hakuna aliyeiba hata punje. Lakini tajiri akipima mwisho wa msimu anaona magunia 7 hayapo, na mtunza ghala anaambiwa atakatwa mshahara mpaka yaishe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu makato ya kienyeji namna hiyo. Lazima kuwe na makubaliano ya maandishi kuhusu deni, mfanyakazi apewe nafasi ya kujieleza, jumla isizidi hasara halisi, na makato yasivuke robo ya ujira wake. Akiitwa kwenye kikao cha nidhamu anapaswa kupewa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na ana haki ya kuingia na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Mwakilishi anayejua hesabu ya unyevu anaweza kuimaliza kesi hapo hapo mezani. Asiyeijua atakaa kimya kama shahidi wa harusi, na hapo ndipo tofauti ya tawi hai na tawi jina inapoonekana.

Kinachoharibu kesi nyingi ni karatasi. Kipimo cha unyevu hakikuandikwa siku ya kupokea, au kiliandikwa kwa penseli pembeni bila saini ya dereva. Bila namba hiyo hakuna mwakilishi atakayekusaidia, hata awe hodari vipi. Kwenye hati ya kupokelea mzigo andika uzito, unyevu, tarehe na namba ya gari, dereva asaini, na nakala moja ibaki kwako.

Faida ya pili ni mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kufungua shauri. Migogoro mingine ina siku 60. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni kusubiri hasira za bosi zipoe, au kutuma wazee wakaombe msamaha, na siku ya 31 inafika. Mwanachama anaweza kuwakilishwa na ofisa wa chama chake, asiingie gharama ya wakili. Kwa mtu wa mshahara mdogo, hiyo peke yake inarudisha ada za miaka.

Kwa wauza duka, sifa zinapungua. Sheria inasema saa 45 kwa wiki, na saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, zikilipwa mara moja na nusu. Duka linalofunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 2 usiku, ukitoa saa moja ya mapumziko, ni saa 12 kwa siku. Siku sita ni saa 72. Hata ukijaza saa zote za ziada zinazoruhusiwa, hufiki 58. Kila mtu sokoni anajua hili. Lakini duka la watu watatu halina nguvu ya kudai, kwa sababu chama hupata haki ya kujadiliana mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi, pale tu kinapobeba zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa eneo husika, na wawili kati ya watatu wakiwa ni ndugu wa mwenye duka, mambo yameishia hapo.

Udhaifu huu haukuanza jana. Vyama vya mwanzo vilitoka chini: makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma 1947 ndipo wakaandikisha chama chao, na 1955 vyama vikaungana kuwa shirikisho moja, TFL, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, TFL ilivunjwa na NUTA ikawa chama pekee kwa sheria. Katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais, na Michael Kamaliza aliyeshika nafasi hiyo alikuwa pia Waziri wa Kazi. Ikaja JUWATA 1978, OTTU 1991, na 1995 ndipo vyama vya kisekta kama TUICO vilipoanza kusimama vyenyewe. Enzi za chama kimoja, karani wa ghala la NMC, shirika la umma la usagishaji nafaka, au muuzaji wa RTC, kampuni ya umma ya biashara ya mkoa, hakulazimika kujenga tawi. Makato yalikuja pamoja na ajira. Watu wakazoea chama kama mstari kwenye karatasi ya mshahara. Mashirika hayo yalipoanguka, magunia yakahamia kwa wafanyabiashara binafsi, hapa watu 6, pale 12, na kazi ikapaswa kuanza upya ghala kwa ghala. Katika maghala mengi bado haijaanza.

Kuianza si kugumu. Kila anayekubali anajaza fomu TUF 6 inayomruhusu mwajiri kukata ada. Mwajiri anatakiwa kuifikisha kwa chama ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na tawi linapaswa kulinganisha orodha ya waliokatwa na fedha iliyofika. Wengi hawafanyi hivyo hadi mtu anapopata kesi. Wanachama 1 hadi 9 wana mwakilishi mmoja, 10 hadi 20 watatu, 21 hadi 100 kumi. Ukiona huduma hairidhishi, unajitoa kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama.

Wanaobaki nje ni wabeba mizigo, na hili linatuuma. Wanalipwa kwa gunia, si kwa kilo. Kanuni za vipimo zinakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, lakini lumbesa ya viazi, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, inapopanda kichwa chake cha nyavu, anayeitembeza kwenye ubao kutoka kwenye Fuso hadi stoo analipwa bei ile ile. Mgongo ndio unaolipa tofauti. Mwenye ghala husema hao si waajiriwa wake. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinasema vingine: aliyemfanyia mtu kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita anadhaniwa kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Msimu wa mpunga wa Usangu unawafikisha wengi hapo.

Kwa hiyo: mtunza ghala na karani wajiunge bila kusita. Muuza duka ajiunge kama wenzake wanatosha. Mbeba mizigo, kabla ya fomu yoyote, anunue daftari na aandike kila siku: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, ghala la nani, idadi ya magunia, na saini ya karani. Karani akikataa kusaini, andika namba ya gari na jina la mwenzako aliyekuwa upande wa pili wa ubao.