Miwani ya mwanangu na yule dada wa kaunta

Nimekaa na hili jambo moyoni nimeshindwa, acha niandike. Ni duka la miwani hapa Tanga mjini, upande wa Ngamiani, jina silitaji.

Mwanangu yuko darasa la tatu na sisi nyumbani tulikuwa tunamwona mzembe tu, mi mwenyewe nilishamchapa kwa ajili ya maksi, Mungu anisamehe. Mwalimu wake ndo kanifumbua. Kanionyesha daftari, ubaoni aliandika 63 + 18, mtoto kanakili 83 + 16 halafu chini kaweka 99. Yani hesabu kaipata, ila siyo aliyopewa! Mwalimu akasema mama, huyu nikimweka nyuma anakopi kwa jirani yake, nikimleta mbele anakunja uso, kampime macho. Na mtoto hawezi kukwambia sioni, atajuaje wenzake wanaona vingine?

Kwa daktari sina neno, walitupokea vizuri, wakamtia matone ya kulegeza jicho na kutanua mboni maana jicho la mtoto linajikaza mpaka mashine inadanganyika, ikatoka kulia -1.00 na kushoto -3.50, yani vya mbali havioni vizuri, na la kushoto ndo baya zaidi. Daktari akanikazia hilo la kushoto, kwamba likiachwa na ukungu utotoni ubongo unazoea kutegemea moja na hilo lingine linakuwa jicho vivu, ukubwani hata umvishe miwani gani halirudi vizuri.

Sasa duka. Tumechukua miwani, siku ya kwanza tu mtoto analalamika kichwa, anasema mama sakafu imeinama. Nikarudi. Yule dada wa kaunta yuko na simu yake, miwani hata hakuishika, "atazoea". Haya, tukavumilia, wiki iliyofuata nikarudi naye tena, dada akamwangalia mwanangu juu mpaka chini akasema mbele ya wateja, "Huyu anadeka tu, hataki shule." Mtoto kaivua miwani kimya kimya kaitia mfukoni. Nikimkumbuka alivyoinamisha kichwa natetemeka mpaka saivi.

Usiku ule nikamkalisha barazani na miwani yake usoni, nikamziba jicho la kulia na kiganja, nikamwambia nisomee kibao cha lile duka la mbele yetu, hakuna kitu. Nikaziba la kushoto, akasoma, ila anasema maandishi yamekuwa madogo na jicho linavuta. Hapo nikajua kuna kitu.

Mara ya tatu dada hayupo, katoka fundi wao wa kukata lenzi, mzee mmoja mtaratibu, kachukua miwani kaiinua mbele ya kalenda ya ukutani, kaisogeza huku na huku, kaitazama karatasi ya daktari, akasema, "Mama, tusamehe, lenzi zimepishana. Ya kulia imewekwa kushoto." Wiki karibu tatu! Jicho nililoambiwa nisilicheleweshe ndo lilikuwa limewekewa lenzi isiyo yake!

Yule mzee kakata zingine bila kuniongezea hata mia, tukasubiri mpaka baada ya alasiri, akamvisha mwenyewe, akamtengeneza nyuma ya masikio, akamwambia mjukuu wangu simama mlangoni uniambie unaona nini. Akasoma PONGWE kwenye daladala iko mbali kabisa, halafu akasema mama, ile baiskeli kule spoku zake zinaonekana. Nililia palepale.

Kwa hiyo nilitaka kusema msiende kabisa, halafu nikimfikiria mzee naona siyo haki, kazi yake safi na mtoto saivi anakaa dawati la kati na ubao anausoma. Nyota nne basi. Lakini juzi nimepita kukaza skrubu, dada yupo, kaniona, kamwona mtoto na miwani yake, hata pole hakumpa. Mimi aniache, ila huyu mtoto alimwita muongo mbele za watu na hakuwa muongo. Nazichukua tena nyota zangu, nabakiza moja, ya mzee.

Jirani yangu kaniuliza mtoto wake ampeleke wapi, nimemwambia nenda palepale, ila ukifika usiongee na kaunta, muulizie fundi.