Kitabu cha chuo: kipi ununue, wapi, na kipi usikiguse hata kwa buku mbili

Kila vyuo vikifungua zinaanza zile meseji, dada shikamoo naomba ushauri, lekchara ametoa listi ya vitabu vitano na boom (hela ya mkopo) bado, nianze na kipi? Mwaka huu nimeona niandike mara moja, nikiulizwa natuma hii. Mimi nilisoma uhandisi ujenzi, mdogo wangu yuko uhasibu, binamu yetu ni nesi na kuna shemeji anayejifunza kompyuta mwenyewe usiku, kwahiyo vitabu vya kila namna vimepita sebuleni kwetu na hela ya kutosha imeliwa humo. Nazungumzia zaidi Dar maana ndiko ninakonunua.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Kabla hujauliza bei jiulize somo lako linachacha haraka kiasi gani, maana vitabu vya darasani ni kama sokoni tu, kuna mchele na kuna samaki wabichi. Kalkulasi ni mchele, kitabu cha 1985 na cha mwaka jana vinakupa intigresheni ile ile, tena cha zamani mara nyingi kina maswali mengi zaidi na picha chache za kupotezea muda. Anatomia ni mchele, mfupa wa paja haujahama. Statiki, aljebra, fizikia ya mwaka wa kwanza, vyote mchele, nunua kikuukuu usione aibu.

Uhasibu sasa ni samaki. IFRS ni viwango vya kimataifa vya uhasibu, na IFRS 16 ya mikataba ya kukodisha ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2019 ikaiondoa ile ya zamani, IAS 17, na mwaka mmoja kabla yake zilishaingia IFRS 9 na IFRS 15. Kitabu cha 2014 kitakufundisha vizuri kabisa kitu ambacho mtihani haukitaki tena. Mdogo wangu alifanya asaimenti nzima ya mikataba hiyo kwa utaratibu wa zamani, hesabu zote ziko sawa, balansi imefunga, akapewa 3 kwa 20. Kompyuta ni samaki pia, Python 2, toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu, ilisitishwa rasmi tarehe 1 Januari 2020 ila vitabu vyake bado viko mezani vinameremeta. Shemeji alifungua sura ya kwanza akaandika print "Habari" bila mabano kama kitabu kilivyomwelekeza, mashine ikamletea kosa, akakesha anafikiri laptop ina virusi.

Dawa nako usicheze. Kitabu cha famakolojia cha miaka ya 90 kitakuambia malaria ni klorokwini, na Tanzania iliiacha 2001 ikaenda kwenye dawa nyingine, SP, halafu 2006 ikaja dawa mseto, ALu. Na umeme ndo kabisa, vitabu vya Uingereza vya kabla ya 2004 vinakuchorea waya wa laini mwekundu na nyutro mweusi, vya baada ya hapo laini ni kahawia na nyutro bluu, na mweusi kwenye fezi tatu siku hizi ni laini. Yani rangi iliyokuwa salama ndo inayokurusha. Kwangu ujenzi kuna utata mwingine, BS 8110, kanuni za Uingereza za kusanifu zege, iliondolewa huko 2010 nafasi yake ikachukuliwa na Eurocode, kanuni za Ulaya, lakini nimekutana na ofisi hapahapa zinazopiga hesabu kwa BS mpaka leo, kwahiyo usikitupe, muulize lekchara anasahihisha kwa ipi.

Haya, sasa sehemu za kununulia, nimezipanga kuanzia ninayoipenda.

Namba moja ni ya bure. Najua mmekuja kutafuta cha kununua lakini hela ni yenu. OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice kule Texas inatoa vitabu vizima tangu 2012, fizikia, kalkulasi, takwimu, baiolojia, uchumi, anatomia na fiziolojia, unadaunlodi PDF na leseni yao inakuruhusu kuprinti nakala yako, kwahiyo unaingia steshenari kifua mbele na kuprinti sura tatu unazohitaji badala ya kurasa elfu. Angalizo moja, kile chao cha uhasibu ni cha Kimarekani, kinafuata taratibu za kwao, sisi huku ni IFRS, msije mkanilaumu. Wa sheria nyie mna TanzLII, hukumu na sheria ziko pale bure, na kwa kuwa sheria zetu zimetoka upya kwenye Toleo la 2023, kitabu cha mtumba cha sheria kisomee maelezo tu, kifungu chenyewe kakihakiki kwenye toleo jipya. Wa afya muulizeni mkutubi kama chuo chenu kimesajiliwa Research4Life, mpango wa kuvifungulia vyuo makala za utafiti, wengi wanalipia makala ambazo chuo tayari kina nywila yake. Na Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi ipo tangu 1967, kaa pale siku mbili na kitabu kabla hujakinunua, utashangaa vingapi utagundua ulihitaji sura moja tu.

Kuhusu zile PDF za magendo, mnazijua kuliko mimi.

Namba mbili ni meza za mtumba Posta, Sokoine Drive na vichochoro vya karibu na Samora. Hapa ndo penye raha na hapa ndo watu wanapigwa, acha nikae kidogo. Nenda asubuhi, siku ya katikati ya wiki, usivae kama mtu aliyetoka kupokea mshahara. Kuna mzee mmoja nanunua kwake miaka yote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti, leo nina kile chako cha somo la udongo, edisheni ya mwisho."

"Shilingi ngapi?"

"Kwako wewe elfu arobaini."

Hiyo "edisheni ya mwisho" ndo ya kuhakiki na huhitaji kubishana, unageuza tu ukurasa wa haki miliki, ule wenye maandishi madogo nyuma ya ukurasa wa jina. Kwanza namba ya ISBN, zikiwa tarakimu 10 peke yake basi kilichapwa kabla ya 2007, kwa sababu kuanzia Januari mwaka huo zikawa 13. Pili ile mistari ya miaka, toleo na chapa ni vitu viwili tofauti, kitabu kinaweza kuandikwa kimechapwa 2011 kumbe toleo ni la 1996 limerudiwa tu kuchapwa. Tatu ule msururu wa tarakimu, 10 9 8 7 6 5 4, ile ndogo kabisa iliyobaki ndo chapa uliyoshika, hapo ni ya nne. Siku ile kitabu cha mzee kilikuwa na tarakimu 10. Nikamwonyesha, akavaa miwani, akacheka, tukamalizana 15,000. Na mimi nilikuwa nakitaka hicho hicho cha zamani, ila hilo sikumwambia.

Ukiona nyuma kuna herufi ELBS usikiache. Hizo zilikuwa chapa za bei nafuu zilizofidiwa na serikali ya Uingereza kwa ajili ya wanafunzi wa nchi kama zetu, mpango ukafa miaka ya 90, karatasi ni nyembamba na rangi ya chai lakini ndani ni kitabu kamili. Vilevile vile vya Mir vya Moscow vya fizikia na hisabati, jalada gumu, maswali magumu zaidi, ukibahatika kukipata nunua hata kama hujui utakisoma lini.

Halafu kagua mwili. Vitabu vinashonwa kwa mafungu ya kurasa, mara nyingi 16 au 32, na fungu likikosewa kiwandani unapata kurasa za 161 hadi 192 mara mbili halafu unarukia 225. Nilinunua cha haidroliki namna hiyo, nimefika nyumbani nimewasha feni nimekaa, sura ya mtiririko kwenye mifereji haipo, nzima. Tangu siku hiyo naangalia namba za kurasa kwa kidole pale pale mezani, muuzaji anune asinune. Nusa pia, kitabu kilicholowa kina harufu yake na ukungu utahamia kwenye vingine. Angalia kama majibu ya mwisho wa kitabu yapo, kuna watu wanayachana. Na angalia mihuri, muhuri wa maktaba ya nje wenye WITHDRAWN maana yake walikiondoa wenyewe, sawa, ila ukikuta muhuri wa chuo cha hapahapa bila alama yoyote ya kuondolewa, rudisha mezani uondoke, kuna mwanafunzi mahali anadaiwa kitabu hicho.

Namba tatu, chapa za India. Hizi ni vitabu vile vile vya Wamarekani na Waingereza, jalada laini, karatasi nyepesi, nyuma imeandikwa viuzwe India na majirani zake tu, na bei yake hailingani kabisa na ya Marekani. Kuna mwanafunzi wa Thailand, Supap Kirtsaeng, alikuwa anasoma Marekani akawa anatumiwa na ndugu zake vitabu vya bei ya kwao anaviuza kule, mchapishaji John Wiley akamshtaki, kesi ikafika Mahakama ya Juu na mwaka 2013 akashinda. Mimi nazipenda kwa hisabati na uhandisi. Kasoro yake ni kwamba baadhi zimebadilishwa maswali ya mazoezi, lekchara anasema fanya swali la 4.17 na lako la 4.17 ni kitu kingine kabisa, kwahiyo piga picha maswali ya mwenzio mwenye kitabu cha darasani halafu soma nadharia kwenye chako. Mchezo huo huo wa kuhamisha namba ndo tofauti kubwa kati ya toleo la 8 na la 9 kwenye vitabu vingi vya mchele, toleo jipya wakati mwingine ni jalada na namba za maswali.

Namba nne, duka, kitabu kipya. Lipia bei kamili kwa samaki peke yake, yani uhasibu, kodi, dawa, programu, na kwa vitabu vya waandishi wa huku kuhusu historia, lugha au ardhi yetu, ambavyo mtumba wake haupatikani na bei zake si za kutisha. Vya sekondari pia kuwa makini, mitaala mipya ilianza Januari 2024, kitabu cha kaka mtu kinaweza kisimfae mdogo mtu. Ila kabla hujatoa hela ingia maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu uangalie kama kipo.

Namba tano, kopi ya kitabu kizima steshenari. Mnapenda kwa sababu mnaona rahisi, haya tupige hesabu, kopi ikiwa shilingi 50 kwa ukurasa, kitabu cha kurasa 900 ni 45,000, bado hujabaindi, picha zote nyeusi, wino unaachia kwenye vidole, na huwezi kuliuza hilo desa kwa mtu. Mezani Posta cha kweli ungekipata kwa chini ya hapo. Sura moja sawa, kitabu kizima ni hasara, na mwenye haki yake hajaruhusu.

Namba sita, kuagiza nje. Fanya tu kama ni kitabu cha utafiti wako na hakipo popote. Kitabu cha kilo 2 na nusu usafiri wake unaweza kuzidi bei yake, na ukinunua kilichotumika chenye ile namba ya siri ya kuingilia mtandaoni ujue mwenye mwanzo ameshaikwangua na kuitumia. Kama una ndugu anakuja likizo, mpe listi mapema na umwombe kwa adabu, begi ni lake.

Mkopo wa Bodi una laki mbili kwa mwaka za vitabu na viandikio kwa anayepata fungu zima, na kwa mpangilio huu mimi nilikuwa nabakiza ya madaftari. Tena vya mchele vinauzika. Kile cha udongo cha 15,000 nilikaa nacho miaka minne nikamuuzia dogo wa mwaka wa pili kwa 12,000, nikasahau karatasi zangu za asaimenti ndani yake, dogo kama unasoma hapa, swali la 4 nilikosa.