Sensa za kunasa uvujaji wa ethilini oksaidi: ipi ya kununua, ipi ya kuacha dukani

Ethilini oksaidi, gesi inayotumika kutakasa vifaa kwa kuua vijidudu, ina tabia moja inayowaponza wengi: pua huchelewa kuijua. Harufu yake tamutamu inayofanana na etha huanza kusikika gesi ikiwa imeshafika mamia ya ppm (sehemu kwa milioni) hewani, ilhali kikomo cha OSHA, idara ya usalama kazini ya Marekani, ni ppm 1 kwa wastani wa zamu ya saa 8, na ppm 5 kwa dakika 15. Anayeisikia kwa pua ameshapitiliza kikomo kwa mara mamia. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, iliiweka kwenye kundi la 1 la visababishi vya saratani mwaka 1994. Juu ya hayo inashika moto kuanzia asilimia 3 hewani hadi asilimia 100, maana yake mvuke wake mtupu unaweza kulipuka bila hewa. Hatutaji chapa hapa. Kinachoamua kama chombo kitakufaa kwenye mtambo wa kutakasa vifaa ni aina ya sensa iliyomo ndani, na muuzaji akishindwa kukuambia ni aina gani, mwache na bidhaa yake.

Kabla ya kutoa fedha, jua kwanza gesi inavujia upande gani. Mizunguko mingi ya kutakasa inayotumia ethilini oksaidi tupu huendeshwa chini ya shinikizo la hewa ya nje. Chemba, yaani chumba cha mashine kinachowekwa vifaa, ikiwa kwenye ombwe (hewa imenyonywa), tundu kwenye raba ya mlango halitoi gesi bali linanyonya hewa kuingia ndani. Sensa iliyofungwa ukutani karibu na mlango itasoma sifuri muda wote, huku ndani oksijeni ikizidi kuongezeka mahali ambapo haitakiwi kabisa. Gesi hutoka nje kwenye sehemu zenye msukumo: pipa la gesi linalosukumwa na naitrojeni, hozi na nati zake, vali ya kuingizia, kivukizi, na upande wa kutolea wa pampu ya ombwe. Kama pampu yako ni ile inayotumia maji kama sili, ongeza na mfereji wa sakafuni. Ethilini oksaidi huyeyuka yote kwenye maji, hupita nayo kwenye pampu, kisha hufumuka tena maji yakifika kwenye mfereji ulio wazi. Hapo ndipo pengine sensa yako ya pili inapaswa kukaa, na ndipo inapokosekana mara nyingi.

Kwa hiyo chombo tunachokipa alama za juu kuliko vyote hakiuzwi na mwenye duka la sensa. Ni transduza, yaani kipima shinikizo, iliyo kwenye chemba yenyewe, ile inayoendesha mzunguko, ikitumika kwa jaribio la kushikilia ombwe. Chemba iwe tupu, kavu, na joto lake liwe limetulia. Vuta ombwe hadi kina ambacho mzunguko wako hufika, tuseme mbar (milibar) 50, funga vali zote, acha dakika 5 mambo yatulie, soma shinikizo, kisha soma tena baada ya dakika 10. Kiwango cha Ulaya EN 285, ambacho ni cha mashine kubwa za mvuke, kinataka shinikizo lisipande zaidi ya mbar 1.3 kwa dakika. Mashine ya gesi ifuate kikomo kilichowekwa wakati wa uhalalishaji wake, yaani ilipothibitishwa kuwa inatakasa ipasavyo, na usikubali kikomo hicho kiazimwe kutoka kwenye mashine ndogo. Chemba ya mita za ujazo 30 ikipanda mbar 1 kwa dakika inaingiza takriban lita 30 za hewa kila dakika. Chemba ya lita 300 yenye mpando uleule inaingiza takriban lita 0.3.

Namba ya mwisho isikutoshe, tazama na mchoro. Mstari ukipanda umenyooka tangu dakika ya kwanza hadi ya kumi, kuna tundu. Ukipanda haraka mwanzoni kisha ukalala, hayo ni maji yaliyosalia kwenye sakafu ya chemba yanageuka mvuke, kausha, urudie. Jaribio hili lifanywe kwenye ombwe la kina, si kwenye shinikizo la hatua ambayo vifaa hukaa ndani ya gesi. Kwenye mbar 600 na joto la nyuzi 50, badiliko la nyuzi 1 tu linasogeza shinikizo karibu mbar 2, na utamtafuta mvujaji ambaye hayupo. Kwenye mbar 50 badiliko hilohilo ni kama mbar 0.15. Kasoro ya njia hii ni kwamba inakwambia pana tundu, haikwambii liko wapi, wala haijui lolote kuhusu hozi ya upande wa pipa.

Sasa vyombo vya kununua. Sensa ya kielektrokemia, ya kudumu ukutani au ya kubeba, ndiyo msingi wa ulinzi wa watu. Chagua yenye kipimo cha ppm 0 hadi 10 au 20, inayotofautisha ppm 0.1. Ubaya wake mkubwa ni kudanganyika. Kaboni monoksaidi inaiamsha, na alkoholi vilevile. Foklifti ya dizeli ikipita, au msafishaji akipangusa mlango kwa spiriti, king'ora kinalia. Baada ya wiki kadhaa za kelele hizo watu huanza kukizima bila kutazama, na hiyo ni hatari kuliko kukosa king'ora kabisa. Mdai muuzaji jedwali la gesi zinazoingiliana na sensa yake kabla hujalipa, kisha linganisha saa za king'ora na ratiba ya usafi na ya foklifti.

Sensa hii pia haipendi kuzimwa. Inafanya kazi kwa volti ndogo inayopitishwa ndani yake wakati wote. Umeme ukikatika bila betri ya akiba, inaweza kuhitaji hadi siku nzima kutulia, na katikati ya muda huo kioo kinaonyesha namba zisizo na maana. Mwitikio wake ni wa polepole, kama dakika mbili kufikia asilimia 90 ya kiwango halisi, hivyo usitarajie ikuonyeshe tundu kwa kuitembeza haraka juu ya nati. Maisha yake ni takriban miaka miwili, itumike isitumike. Sensa ya akiba iliyokaa kwenye kabati mwaka mmoja na nusu si akiba.

Kuhusu mahali pa kuifunga, wengi huiweka karibu na sakafu kwa hoja kwamba mvuke huu ni mzito mara 1.5 kuliko hewa. Hoja hiyo ni sahihi gesi ikimwagika kwa wingi, ikiwa bado baridi. Kwa uvujaji wa ppm chache, gesi imeshachanganyika na hewa na inakwenda inakokwenda feni. Fukiza moshi wa majaribio mlangoni na kwenye chumba cha mapipa, ufuate unakoelea, ufunge sensa njiani kwa kimo cha pua. Ya karibu na sakafu iwe ya mfereji na ya chini ya mapipa.

Kuijaribu kuna namna yake. Tumia gesi halisi ya ethilini oksaidi ya ppm 5 hivi, mtiririko kwa kawaida nusu lita kwa dakika kama mtengenezaji alivyoandika, kwa mrija mfupi wa PTFE (tefloni). Mrija wa raba hunywa gesi, nawe utaona ppm 3 ukadhani sensa imechoka. Ngoja dakika tatu kamili kabla ya kusoma. Wapo wanaoshauri kutumia kaboni monoksaidi kisha kuzidisha kwa kigawe, kwa kuwa silinda yake ni rahisi kupatikana. Hatushauri. Jaribio hilo linathibitisha kuwa sensa inaiona kaboni monoksaidi, basi.

Vyombo vya taa ya urujuanimno tunaviacha dukani kwa kazi hii. Taa ya kawaida ni ya eV (elektroni-volti, kipimo cha nishati) 10.6, na ethilini oksaidi inahitaji eV 10.56 ili ivunjwe kuwa ayoni. Imepita kwa unywele, na matokeo yake ni kwamba kigawe cha kurekebisha ni karibu 13: ppm 1 ya gesi huonekana kwenye kioo kama 0.08, namba inayofichwa na unyevu wa kawaida wa chumba. Ipo taa ya eV 11.7 inayoona vizuri zaidi, lakini kioo chake huharibiwa na unyevu na taa hufa baada ya miezi michache. Kwa fundi anayetafuta gesi iliyojaa karibu na nati, taa ya 10.6 inasaidia kwa sababu inajibu ndani ya sekunde. Kama kinga ya mtu anayepumua, hapana.

Sensa ya kuunguza gesi, ile yenye kipimo cha asilimia ya kiwango cha chini cha kuwaka, ni ya moto tu. Piga hesabu: kiwango hicho ni asilimia 3, sawa na ppm 30,000, kwa hiyo king'ora kilichowekwa kwenye asilimia 10 yake kinalia kwenye ppm 3,000. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, inahesabu ppm 800 kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Ukiitegemea hii kulinda watu, watakuwa wameanguka kabla haijalia. Tena inahitaji oksijeni ili iunguze, hivyo ndani ya chemba iliyojazwa naitrojeni inasoma chini au haisomi kabisa. Kwa kazi ya ndani ya chemba nunua ya infraredi. Na grisi ya silikoni ambayo mafundi hupaka kwenye raba ya mlango inaiua sensa ya kuunguza polepole bila dalili.

Hiyo sensa ya ndani si anasa. Tarehe 19 Agosti 2004, huko Ontario, California, mafundi waliruka hatua ya mwisho ya kusafisha gesi wakiamini chemba haina kitu. Mlango ulipofunguliwa, mfumo wa kunyonya hewa ulivuta mabaki ya gesi hadi kwenye kiunguzi cha gesi inayotolewa, yakawaka na moto ukarudi hadi kwenye chemba. Watu wanne walijeruhiwa. Hapakuwa na chombo cha kupima gesi ndani ya chemba kilichounganishwa na kufuli ya mlango. Kwa maoni yetu, kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu zaidi ya sensa za ukutani, kiwe hicho.

Kwa kiwanda chenye chemba kadhaa, kromatografu ya gesi, mashine inayotenganisha gesi moja na nyingine, inayonyonya sampuli kutoka sehemu nyingi ndiyo bora kuliko zote kwa kupima hewa ya vyumba. Inatenganisha ethilini oksaidi na spiriti, inashuka chini ya ppm 1 bila kubahatisha, na inatunza kumbukumbu. Lakini inazunguka kituo baada ya kituo. Ikiwa na vituo 16 na kila kimoja kinachukua dakika moja, kila mahali hupimwa mara moja kwa dakika 16, na kilele cha dakika 15 kinaweza kupita kati ya zamu mbili bila kuonekana. Vituo vya hatari, yaani mlango na chumba cha mapipa, vipewe zamu mara mbili au tatu kwa mzunguko. Tatizo la pili ni mirija: nati ikilegea karibu na mashine, pampu inavuta hewa safi ya chumba cha udhibiti, na kila kituo kinasoma sifuri safi ya kupendeza. Gesi ya majaribio ipelekwe mwisho wa mrija kule mlangoni, kamwe isiishie kwenye tundu la mashine.

Kutafuta tundu lenyewe, maji ya povu bado hayana mpinzani upande wa gesi. Kila pipa jipya, weka gasketi mpya ya PTFE, kwa kuwa PTFE ikishabanwa hairudi umbo lake. Vali ya pipa ikiwa imefungwa, jaza hozi kwa naitrojeni hadi shinikizo la kazi, ngoja dakika 15, geji isishuke. Kisha paka povu kwenye kila nati. Povu liwe lile la mafundi wa gesi, kwani sabuni yenye chumvi hula chuma cha pua. Raba asilia, neoprini na nitrili hazifai kwenye njia hii, wala shaba, fedha na zebaki. Kutu nayo huchochea gesi kugeuka kitu kigumu cheupe kinachokaa kwenye kiti cha vali, na vali inaacha kufunga sawasawa hata ukiikaza kwa spana.

Upande wa mlango, kifaa cha ultrasoniki, kinachonasa sauti nyembamba zisizosikika kwa sikio, husaidia chemba ikiwa kwenye ombwe, ingawa kelele ya tundu huwa upande wa ndani na husikika hafifu. Zima feni na pampu za jirani kwanza. Usijaze shinikizo kwenye chemba ya pembe nne ili tu upake povu: nyingi zimeundwa kwa ombwe, si kwa msukumo wa kutoka ndani, na bati la jina lililobandikwa ubavuni litakuambia. Mara nyingi raba yenyewe ni nzima, ila kuna kipande cha nailoni ya kufungia mzigo kwenye mfuo unaoishika raba, au solenoidi (vali ya umeme) ya hewa inayoijaza raba inapitisha kidogo.

Ukikodi huduma ya kalibresheni, hati yao ionyeshe usomaji wa sensa kabla ya kuguswa na baada ya kurekebishwa, namba na tarehe ya mwisho ya silinda iliyotumika, na sekunde zilizopita hadi king'ora kulia. Hati yenye alama ya tiki peke yake irudishwe pamoja na ankara yake.