Wino wa VersaMark kwa kadi za rangi za maji: tathmini baada ya miezi minane

Kwa muda wa miezi minane nimekuwa nikitengeneza kadi za Idi, za harusi na za kuzaliwa kwa kutumia pedi ya wino ya VersaMark, inayotengenezwa na kampuni ya Tsukineko ya Japani, na kwa kuwa jamaa kadhaa waliozipokea kadi hizo wameniuliza kama wino huo unastahili bei yake, ambayo ni kubwa kuliko ya pedi ya kawaida ya ofisini, nimeona niwajibu kwa maandishi.

Jambo la kwanza la kushangaza ni kwamba wino huu hauna rangi. Ni wino mzito, unanata kidogo na unakawia kukauka, na kule kukawia ndiko hasa mnunuzi anakokulipia. Baada ya kugonga mhuri kwenye karatasi, mtengenezaji hunyunyiza unga laini wa plastiki juu ya alama, hukung'uta uliozidi na kuurudisha kwenye kopo, kisha huupuliza kwa hewa ya moto ule ulionaswa na wino mpaka uyeyuke na mistari itune na kung'aa. Niliwahi kujaribu kazi hiyo kwa wino wa ofisini, lakini karatasi iliunywa kabla unga haujashika, nalo neno «Hongera» likatoka na mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza.

Thamani yake huonekana zaidi pale rangi za maji zinapoingia. Aliyewahi kutazama batiki ikitengenezwa ataelewa mara moja, maana plastiki iliyoyeyuka hufanya kazi ileile ya nta, yaani kuizuia rangi isipite. Tofauti ni kwamba nta ya batiki huondolewa kwa maji ya moto, ilhali mistari hii hubaki kwenye kadi na mpokeaji huihisi kwa ncha za vidole. Mimi hupendelea unga usio na rangi kwenye karatasi nyeupe, ili mistari ibaki myeupe na rangi ijae katikati yake. Nimechonga kwenye kifutio kikubwa umbo la korosho lile la kwenye kanga, na kila ninapolilowesha ndani na kudondosha buluu upande mmoja na kijani upande wa pili, rangi hizo huchanganyika zenyewe, hukutana na ukuta wa plastiki, na hapo husimama. Mtu asiye na mkono mtulivu wa kuchora, kama mimi, hupata kingo safi ambazo asingezipata kwa brashi.

Hata hivyo, wino huu hauwezi kuiokoa karatasi mbaya. Karatasi ya fotokopi, yenye gramu 80 kwa mita ya mraba, hujikunja mara tu maji yanapoigusa. Inayofaa ni ya gramu 300, tena yenye uso laini, kwa kuwa kwenye uso wenye chembechembe wino hukaa vilimani na kuyaruka mabonde, na mstari ukikatika hapo rangi hupenya. Karatasi za pamba za Arches kutoka Ufaransa ni nzuri mno, ila mimi huziwekea kadi za harusi tu. Karatasi ya A4 nikiikata katikati hunipa kadi mbili ambazo zikikunjwa huwa na milimita 105 kwa 148, na huingia bila taabu katika bahasha ya C6.

Wengi huuliza kama draya ya nywele inatosha kuyeyushia unga. Haitoshi, kwa sababu huupeperusha kabla haujayeyuka. Kinachohitajika ni kifaa kidogo cha mafundi kinachotoa hewa yenye joto kali lakini isiyo na kasi. Unga hufanana na sukari ya kusaga, kisha ghafla hung'aa kama uliolowa, na wakati huohuo inabidi kusogea mahali pengine, kwani ukizidishiwa moto plastiki huzama ndani ya karatasi na mstari hulala.

Kwetu Dar es Salaam kuna shida nyingine, nayo ni unyevu. Wakati wa masika unga hushika hata pasipogongwa mhuri, na dawa yake ni kuipitishia karatasi poda ya mtoto kwa kitambaa kikavu, kwa wepesi sana, kabla ya kuanza. Jasho la mikono nalo halisahauliki: niliwahi kunyunyiza unga wa dhahabu kwenye kadi ya harusi ya binamu yangu bila kunawa, na baada ya kupuliza moto zikajitokeza pembeni alama tatu za vidole vyangu, zinang'aa kuliko majina ya maharusi.

Kwa atengenezaye kadi mbili tatu kwa mwaka, ningesema aazime pedi ya mwenzake. Kwa atakayetengeneza nyingi, au kuziuza, naipendekeza bila kusita, hasa kwa kuwa wino wa kujazia huuzwa peke yake na pedi haitupwi.

Kilichobaki ni mihuri yenyewe. Mingi ya dukani huja na salamu za Kiingereza, kwa hiyo niliamua kwenda kwa mchonga mihuri wa mjini, mmoja wa wale wanaohudumia maofisi, nikamwomba anitengenezee neno moja kwa herufi za mwandiko. Alishika kalamu, akaniuliza kampuni yangu inaitwaje na sanduku la posta ni namba ngapi. Nilimwambia inaitwa Hongera, na sanduku haina.