TAHADHARI: Mashine ya kuchomelea ya "ampea 300" Kariakoo, nimepigwa mchana kweupe

Wakuu, naandika kwa hasira, na kwa aibu pia, maana mimi ndiye niliyekuwa nawacheka watu wanaouziwa sabuni ndani ya boksi la simu. Safari hii sabuni nimeuziwa mimi, tena nimeipakata kwenye bajaji mpaka nyumbani kama mtoto mchanga.

Kabla ya haya kuna fundi niliyempa kazi ya geti, akapotea na hela ya rangi. Baada ya pale niliapa simlipi tena mtu kunichomelea kitu. Lile banda la kuku lipo tupu, nikasema ninunue mashine yangu ya kwanza, nivute umeme wa kueleweka, nijifunze taratibu. Shemeji akaniambia subiri nirudi Morogoro twende wote. Sikusubiri.

Jumanne, saa nne asubuhi. Hata barabara sijamaliza kuvuka, kijana kanidaka: "Mzee wangu, mashine au jenereta?" Winga, yaani wale wa kudaka wateja barabarani na kuwapeleka dukani. Mimi mawinga nawajua, nimekulia Ilala, huwa nawapita kama siwaoni. Ila huyu hakunivuta shati. Aliniuliza nataka kuchomelea nini. Nikamwambia grili, stuli, labda geti dogo. Akasema, "Basi mtu asikuuzie ya fezi tatu, ile ya umeme wa viwandani, utaumia bure." Nikasimama. Hapo ndipo nilipokwisha.

Dukani nikamkuta mtu mzima mwenye miwani, anakunywa chai ya tangawizi, mpole kama mwalimu mstaafu. Stuli ikafutwa vumbi, nikakaa, maji baridi yakaja bila kuombwa. Mezani mashine mbili za inveta, zile ndogo za kielektroniki (ampea ndiyo kipimo cha wingi wa umeme unaopita): ya ampea 400 kwa laki tano na nusu, na ya ampea 300 kwa laki tatu na ishirini. Mimi kwa ushamba wangu nikanyoosha kidole kwenye kubwa. Yule mzee akatikisa kichwa. "Kaka, hiyo ya watu wa karakana. Kwa umeme wa nyumbani itakusumbua. Chukua hii ndogo, hela inayobaki weka kwenye waya mzuri."

Sasa niambieni, nani hapo asingemwamini? Muuzaji anakataa hela yangu mbele ya macho yangu! Ningekuwa nimebanwa ninunue ghali ningestuka. Huyu alinionea huruma, na ile huruma ndiyo iliyonimaliza.

Akaitoa mashine kwenye kibaraza, akaniwekea vipande viwili vya flati baa (chuma bapa), rodi ya kuchomelea ya milimita 2.5, akanipa ngao nishike mwenyewe. Nikachoma. Mimi huyu huyu, siku ya kwanza! Moto ukashika bila kusumbua, nikavuta mstari wa inchi mbili hivi, kijana akagonga lile ganda la juu kwa nyundo, chini chuma kinang'aa, mawimbi yamepangana kama magamba ya samaki. Watu watatu waliosimama pale wakasema, "Fundi huyo!" Leo nina hakika wote watatu walikuwa wa duka. Lakini siku ile kichwa kilivimba, nikawa nahesabu magenge nitakayoyachomelea mabanda.

Niliyochomea ikarudi mezani. Niliyopewa ikatoka stoo, boksi limebandikwa gundi pande zote. "Mpya kabisa bosi, ile imeshikwashikwa na kila mtu." Na mimi nikashukuru. Nilisema ahsante, wakuu.

Waya ulioandikwa 6 mm, mita 25, laki na arobaini. Breka ya ampea 32 na soketi, elfu thelathini na tano. Fundi umeme wao, "kijana wetu wa siku zote", elfu hamsini. Jumla 545,000. Mama watoto anajua ni laki mbili, naomba iendelee kuwa hivyo. Nikalipa kwa simu, likatokea jina la mwanamke, mzee akasema laini ya duka inasumbua, hiyo ni ya mke wake. Risiti ya mkono, chini imeandikwa mali ikiuzwa hairudishwi. Niliiona ile sentensi. Niliisoma kabisa, nikaikunja nikaweka mfukoni.

Kijana alikuja jioni ile ile, saa moja kamaliza. Nilipomuuliza kuhusu arthi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, akasema ya nyumba inatosha.

Kesho yake nikavaa magwanda. Rodi ya kwanza ikanata. Nikaikwanyua, ikanata tena. Nikaongeza kitufe, 120, 180, mpaka 300, mwanga ni ule ule wa kuonea huruma. Nikampigia mzee. Alipokea, hapo alikuwa bado ananijua: "Umeme wenu huko ni mdogo kaka, njoo nikupe stabilaiza ya kutuliza umeme, laki na nusu tu." Nikaanza kuwasingizia TANESCO, nikaenda hadi kwa jirani kumuuliza kama taa zake zinafifia. Zinawaka vizuri tu. Na hela ya stabilaiza nilishaitenga, sikufichi kitu.

Rodi ya sita, harufu. Mama watoto akapiga kelele kutoka jikoni, "Nini kinaungua?" Kugeuka, soketi imelainika kama ubani kwenye kaa, plagi imezama ndani yake. Breka imetulia, haijakata. Nilikimbia kuzima meni swichi nikiwa na ngao kichwani, watoto wakacheka wakidhani ni mchezo.

Shemeji alirudi Alhamisi. Hakunicheka, na afadhali angenicheka. Alichukua kisu cha jikoni, akakwangua waya: juu rangi ya kopa (shaba), ndani mweupe. Alminiamu iliyopakwa. Halafu mwembamba, unene wote ulikuwa plastiki. Akanieleza kwamba alminiamu inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya kopa, na ukiibana kwa skrubu inalegea kadiri siku zinavyokwenda, pale palipolegea ndipo panapopika. Breka haiwezi kujua, yenyewe inapima umeme unaopita, joto la kiungio hailioni. Akafungua plagi. Mahali pa fyuzi pana kipande cha waya. Akafungua na mashine: kisahani kidogo cha vifaa kimekaa pembeni, nafasi iliyobaki unaweza kutamishia kuku.

Kisha akachukua kalamu. Mashine ya rodi ikitoa ampea 300, volti zake ni kama 32. Zidisha: wati 9,600. Plagi ya ampea 13 kwa umeme wetu wa volti 230 haifiki hata wati 3,000. "Sasa shemeji, hizo nyingine zingetoka wapi?" Nilikaa kimya. Hesabu ya darasa la tano! Imebandikwa ubavuni mwa mashine na nimekaa nayo siku mbili.

Kwa plagi ile, hata ikiwa halali, unapata kama ampea 100 basi kwenye rodi, kwa kuwa volti zake ni ndogo kuliko za ukutani. Na kumbe grili na stuli hazihitaji zaidi, rodi ya 2.5 inachoma kwenye 70 mpaka 90. Hiyo 300 niliyoililia sikuwa na kazi nayo kabisa.

Nilirudi dukani. Mzee hayupo, "kasafiri". Winga hajulikani. Kijana wa kaunta akaniambia boksi hilo si lao, na risiti ya mkono mtu yeyote anaandika. Hiyo hiyo niliyopewa pale pale!

Hawa watu wafungwe. Si faini, faini wanailipa kwa mtu mmoja kama mimi kabla ya saa sita mchana. Watoto wangu wanalala chumba kinachopakana na lile banda, jamani! Tume ya Ushindani ndio wanaohusika na bidhaa feki, barua yangu inaenda Jumatatu, na TBS, shirika la viwango, nakala yao. Na yule fundi aulizwe leseni yake ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, mimi sikuuliza. Kama ningekuwa na uwezo ningewafungia wote ndani ya duka lao na geti nikalichomelea kwa nje, kwa mashine yao wenyewe. Ah, kwa mashine ile wangesukuma kidogo tu wakatoka.

Mnaotaka kununua: jaribu ile ile utakayobeba, si ndugu yake. Angalia plagi kwanza. Nenda na kisu, kwangua waya kabla hujalipa, na unyanyue, wa alminiamu ni mwepesi mno. Risiti iwe ya EFD, ile mashine ya kodi. Wakikupa maji baridi, sijui, kunywa lakini kaa macho. Na banda ulivutie laini yake peke yake na arthi yake, shemeji ndiye anayefanya sasa kwa waya wa kopa, na yule aliyetuuzia huu wa pili alipouliza bei ya ule wa kwanza alicheka mpaka akakaa chini.

Jina la duka silitaji hapa, anayelitaka anifuate pembeni nimwelekeze mtaa. Jumamosi naenda tena, shemeji atakuwepo. Anayetaka kuongozana nasi aseme mapema, na akipita nyumbani kunichukua asitaje bei mbele ya mama watoto.