Nasomea muziki wa kibiashara na uprodyuza chuo kikuu, na ule mlango bado unanikera

Naandika nikiwa bado na hasira kwa hiyo nikiruka ruka mnivumilie. Watu wananiuliza sana hii kozi inafaa au haifai, na mpaka muhula uliopita nilikuwa najibu haraka tu, inafaa, njoo. Sasa hivi najiuma uma. Kozi ina masomo gani, inachukua miaka mingapi, vigezo vya kuingia, hayo kila mtu atayatafuta mwenyewe. Mimi nataka niongelee mlango.

Kazi yetu ya kufunga mwaka ilikuwa wimbo mmoja kamili, utunge, urekodi, ufanye miksi, yaani usawazishe sauti zote pamoja, mpaka masta, lile toleo la mwisho la kutoa, na uandike jinsi utakavyouingiza sokoni. Wangu ulikuwa kinanda na sauti ya kuimba, basi. Aliyeimba ni dada mmoja tunasoma naye, ana sauti ya ajabu lakini ana aibu na anachelewa kupata moto, teki za mwanzo, yaani zile raundi za kwanza za kurekodi, utadhani anasoma barua ya mtu mwingine. Tukapangiwa masaa matatu studio kubwa. Matatu tu jamani, na humo humo saa nzima inaliwa na maandalizi, utafute waya unaofanya kazi, uchague maiki, uwashe ile volti 48, umeme unaopita kwenye waya wa maiki, maana maiki ya kondensa bila hiyo haitoi kitu, uisogeze mpaka ikae umbali wa shibiri hivi na mdomo, umsawazishie hedifoni ajisikie vizuri lakini asijisikie kupita kiasi, geini, yaani kiwango cha sauti inayoingia, uiache na nafasi ili akipaza isipasuke. Haya hayapo kwenye matangazo ya vyuo, kule ni mtu anatabasamu mbele ya miksa yenye taa nyingi.

Teki ya kwanza mpaka ya sita, tyuni ipo, mapigo yapo, roho hakuna. Nikamwambia dada yangu zima taa humo ndani, fumba macho, sisi hatupo. Teki ya saba akaimba ubeti wa mwisho mpaka mwenzangu wa kinanda aliyekuwa anachezea simu akainua kichwa. Neno la mwisho linaishia na "a", akaishikilia ile "a", akaiachia inashuka pole pole, inakuwa nyembamba, pumzi inaanza kusikika ndani yake, mimi mkono uko kwenye mausi hata kupumua naogopa. Na hapo hapo, taa nyekundu inawaka juu ya mlango, yaani tunarekodi asiingie mtu, yule fundi wa studio akafungua. Sio mlango wetu huku kwenye mitambo, mlango wa KULE anakoimbia msanii. Kitasa, ka! "Muda umeisha, tokeni."

Zilikuwa zimebaki dakika nne. Nilikuwa naiona saa.

Nikamfuata, nikamwambia kwa heshima zote, kaka samahani, taa nyekundu ilikuwa inawaka, tunaomba hizi dakika nne turudie mstari mmoja tu. Hata kunitazama hakunitazama, yuko anakunja waya ambao mimi mwenyewe nilipanga kuukunja. "Nyie watoto mnadhani hapa ni kwenu. Jazeni fomu mwombe tena." Dada wa watu amesimama pembeni, hedifoni bado ziko shingoni, machozi yanamlenga, ananiuliza mimi kama amekosea kitu. Akosee nini? Kuomba tena foleni yake ni wiki kadhaa na kukusanya kazi kulikuwa kumebaki siku chache, kila mtu pale anajua hilo na yeye zaidi yetu sote.

Hivi kweli, mtu umeajiriwa kutunza chumba cha sauti na hujui maana ya taa nyekundu? Na kama unajua, ndio mbaya zaidi.

Tokea siku hiyo kila kitu pale kikaniharibikia. Nakaa darasani mwalimu anaeleza MIDI, ile lugha ya vinanda na kompyuta kuwasiliana, ilivyozinduliwa 1983, Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti iliyotoka nje ya tyuni, ilivyoingia 1997 na kubadilisha uimbaji wote, mada ninayoipenda kufa, na mimi kichwani nasikia kitasa. Nikaanza kuwaambia watu msije, na hoja yangu ilikuwa hii na bado naisimamia: kumiksi unaweza kujifunza chumbani kwako, plagini, vile viprogramu unavyoongeza ndani ya programu ya kurekodi, ni zile zile, mafunzo ya bure yamejaa mtandaoni. Unacholipia chuoni ni chumba kilichotulia, maiki usizoweza kununua, na watu. Sasa chumba chenyewe ukipewa kwa kusukumwa sukumwa unalipia nini?

Kile kitasa nilihangaika nacho usiku mzima. Ukifungua sauti kwenye programu ya kuonyesha masafa unaiona ile "a" kama mistari imelala, mmoja juu ya mwingine, mizuri kabisa, halafu kitasa ni mstari mmoja umesimama wima, umekata yote kutoka chini mpaka juu. Ukiufuta unaondoka na kipande cha "a" yenyewe, unabaki na sauti kama ya mtu aliyekwama na kohozi. Nikajaribu kupachika mwisho wa teki ya tano, pumzi hazifanani, inasikika kabisa ni watu wawili. Mwishowe nikakipunguza nilivyoweza nikakiacha, nikakusanya. Maksi zikarudi na maoni, kelele isiyotakiwa mwishoni, uhariri hafifu. Uhariri hafifu! Nikakata rufaa, nikaambiwa nijaze fomu. Fomu nyingine.

Lakini hapa lazima niseme ukweli, maana ningeishia hapo ningekuwa nimemwonea mtu. Tuna mama mmoja anatufundisha biashara ya muziki, ndiye aliyetukazania kabla hatujagusa maiki tuandike kwenye karatasi nani ana asilimia ngapi ya utunzi na nani anamiliki rekodi yenyewe, kwa sababu hizo ni haki mbili tofauti na marafiki wengi hugombana wimbo ukishaanza kuingiza hela, sio kabla. Sisi tulisaini wote watatu. Mimi nikampelekea wimbo nikitaka anitetee kwenye rufaa. Akausikiliza mpaka mwisho bila neno. Kitasa hakukigusia. Akabonyeza kitufe cha mono, kile kinachounganisha kushoto na kulia kuwa sauti moja, akaurudisha mwanzo.

Kinanda changu kikayeyuka. Yaani kile kinanda nilichokuwa najivunia, kipana, kimejaa kushoto na kulia, kikawa kama kinapigwa nyumba ya tatu. Nilikipanua na plagini bila kufikiria kwamba pande mbili zikijumlishwa mawimbi yanayopingana yanafutana, na watu kibao wanasikiliza muziki kwenye spika moja ya simu. Akaniambia, mwanangu, hiki ndicho cha kurekebisha, teki usiiguse, huyo binti hataimba hivyo tena.

Nilikaa kimya kwa muda. Wiki nzima napigana na kitasa cha nusu sekunde na kosa langu mwenyewe limekaa dakika tatu na nusu za wimbo wote. Na huyo mwalimu mwingine aliyenikata maksi, kosa hilo hata hakuliona, kaona kitasa tu kama mimi.

Kwa hiyo kozi inafaa? Kwa ajili ya yule mama, ndiyo, hata leo, hakuna video ya mtandaoni itakayokubonyezea kitufe cha mono kwenye wimbo wako wewe na kukutazama usoni. Na kabla sijaanza kusoma hapa hata hicho kitasa nisingekisikia, ningeusambaza wimbo hivyo hivyo nikifurahi. Lakini nikimkumbuka yule kaka na waya zake narudi pale pale, nasema hapana, msipeleke hela zenu mahali ambapo mtu mmoja mwenye funguo ana nguvu kuliko idara nzima. Mkienda kutembelea chuo msiulizie miksa ina chaneli ngapi. Ulizeni kila mwanafunzi anapata masaa mangapi ya studio kwa wiki, na uliza wanafunzi, usiulize anayekutembeza.

Rufaa haijajibiwa. Kinanda nimekirekebisha, kitasa kipo, ukivaa hedifoni utakisikia chini ya ile "a". Dada amekubali kuimba tena, alinigomea kwanza. Tumepangiwa studio ile ile, fundi yule yule, na mwenzangu wa kinanda siku hiyo kinanda kitakuwa kimesharekodiwa, kazi yake itakuwa moja, kusimama nje ya mlango mpaka tumalize.