Yamaha Ténéré 700: sikilizeni injini hii kwanza

Haya wadau, karibuni tena! Leo ni pikipiki ya Ténéré 700, na nasema mapema: nimeipenda. Injini ya cc 689, tangi lita 16, tairi ya mbele inchi 21, hayo mnayajua, tuyapite. Twende kwenye injini.

Naiwasha. Sikilizeni... mnasikia mdundo haulingani? Silinda ziko mbili: ya pili inalipuka nyuzi 270 za mzunguko wa krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) baada ya ya kwanza, halafu kunakuwa na pengo la nyuzi 450 ndipo zamu irudi. Wengine wanasema hizo ni mbwembwe za sauti tu. Hapana! Tazameni kilima hiki, kokoto tupu. Niko gia ya tatu, mwendo wa mtu anayetembea, klachi siigusi. Naongeza mafuta taratibu... taratibu... mmeona? Haikohoi, haitaki kuzima, na tairi ya nyuma haichimbi. Ngoja nirudie, kamera ishuke pale kwenye tairi. Hiyo hapo! Inang'ata na kupanda.

Na hii ni ya kabla ya 2025, mafuta yanavutwa kwa kebo ya kawaida, si kwa umeme, na haina kompyuta ya kuzuia tairi kuteleza. Siri iko kwenye krankishafti: pistoni moja ikifika juu na kusimama, mwenzake yuko katikati anakimbia. Mdundo haulingani, lakini mzunguko hauyumbi, kwa hiyo tairi inapata kile kile mkono ulichoomba.

Najua mtaandika kwenye maoni: "Honda Transalp 750 nayo ni nyuzi 270, tena ina nguvu farasi zaidi ya 90, hii 73!" Kweli kabisa, na kwenye lami ndefu Transalp itaiacha. Lakini kwenye kokoto kama hizi mimi nabaki na Ténéré. Na bei? Kwenye masoko mengi iko chini ya KTM 890 Adventure R, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoamua.

Kinachoniudhi ni kiti. Milimita 875 kutoka ardhini! Kama wewe si mrefu, utasimamia vidole, na kwenye mteremko wa mchanga hilo si jambo dogo. Kiti cha chini zaidi kinauzwa pembeni. Kijaribuni kabla ya kulipa.

Video ijayo naileta Aprilia Tuareg 660 kwenye kilima hiki hiki, gia ile ile. Kama hujajiunga na chaneli, bonyeza sasa, na niandikie hapo chini unadhani ipi itapanda vizuri zaidi.